Ngeli za Maua ya Harusi: Uchunguzi wa Awali Kutoka Kamati Ndogo ya Mapambo

Neno "ua" limewatesa wanafunzi wengi wa Kiswahili. Kuna ua hili, wingi wake maua, ambalo huchanua. Kuna ua huu, wingi wake nyua, unaozungushiwa nyumba ili jirani asione. Na kuna "ua!" la kuamrisha, ambalo halihitaji wingi kwa kuwa mara moja hutosha. Walimu walitufundisha kwamba maneno haya hayana undugu, yamefanana sauti tu. Niliamini hivyo mpaka mpwa wangu alipoamua kuoa, nami nikateuliwa, bila kuulizwa, mjumbe wa kamati ndogo ya mapambo. Huko niliyakuta yote matatu yameketi meza moja: ua la kupamba, ua wa kuwazuia wakwe wasijue bajeti, na mweka hazina, ambaye kila lilipotajwa la kwanza alitoa amri ya tatu.

Makala haya yanalenga kuainisha maua ya harusi kama yanavyopatikana katika mazingira yake ya asili, yaani kikao cha kamati jijini Dar es Salaam. Data zilikusanywa kwa miezi minne: vikao tisa, kikundi kimoja cha WhatsApp ambamo mtafiti hajathubutu kujitoa, na ziara tatu kwa mpambaji. Mbinu iliyotumika ni ushuhudiaji shirikishi, kwa maana kwamba mtafiti alichangishwa.

Ni haki kukiri kwamba kuna aliyenitangulia. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea ya dunia majina ya Kilatini, aliandika mwaka 1729, akiwa bado mwanafunzi Uppsala, insha juu ya posa za mimea. Mwaka 1735 akatoa Systema Naturae, na humo mimea yote imegawanywa katika makundi 24, mengi yakipangwa kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Yeye aliviita waume. Asumini ina stameni mbili. Kwa hesabu ya Linnaeus hiyo ni nyumba ya waume wawili. Waridi lina waume ishirini na ushei, wote kitanda kimoja. Kundi la 24 aliliwekea makangaga, kuvu na mwani, viumbe visivyoonyesha ua hadharani, akaliita kundi la ndoa zilizofichika. Johann Siegesbeck, mtaalamu wa mimea wa St. Petersburg, alighadhibika, akasema huo ni ufuska mtupu usioweza kutoka kwa Muumba. Lipo gugu moja lenye kunata ambalo Linnaeus alilipa jina la Siegesbeck, na husimuliwa kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kamati zetu nazo zina namna yake ya kujibu: mkosoaji hupangiwa meza iliyo karibu na jenereta.

Kasoro ya Linnaeus ni kwamba alilitazama ua akaona ndoa. Hakuwahi kupewa ndoa akaambiwa atafute maua, meza ishirini na tano, kabla ya Ijumaa. Kwa kazi hiyo stameni hazisaidii. Kinachofaa ni kile chombo tulichokichukia sote kidato cha pili: ngeli. Ngeli haiulizi kitu kina nini ndani yake. Inauliza kinapatana na nani kwenye sentensi.

Ukweli huu ulinidhihirikia siku ya kwanza tulipokwenda kwa mpambaji. Tulikuwa wanne: mpwa wangu, mchumba wake, mweka hazina na mimi. Mchumba alikuwa amejiandaa, simu mkononi, picha hamsini ndani ya simu. Mpambaji alitukaribisha viti vilivyovalishwa mikanda ya harusi ya wiki iliyopita, akafungua daftari.

"Rangi zenu?"

"Mimi nilikuwa nataka ua fulani…"

"Ua litakuja, dada yangu. Rangi zenu kwanza."

Rangi zilikuwa damu ya mzee na dhahabu. Basi. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa. Ua la damu ya mzee, tai ya damu ya mzee, kitambaa cha damu ya mzee, mikanda ya damu ya mzee, na bwana harusi wa damu ya mzee. La, ya, cha, ya, wa. Wanasarufi wameandika vitabu juu ya upatanisho. Mpambaji wetu aliukamilisha kwa kalamu ya buluu ndani ya dakika tatu, kisha akauliza maswali mawili yaliyobaki ya taaluma yake: watu wangapi, ukumbi gani. Katika ziara zote tatu sikumsikia akiuliza ua gani.

Ngeli ya kwanza kwa wingi wa wanachama ni ngeli ya YALE-YALE. Haya ni maua ya plastiki na ya kitambaa, yanayokodishwa Ijumaa na kurudi stoo Jumapili. Mtafiti amefanikiwa kumfuatilia mwanachama mmoja: waridi jeupe lenye alama ya kuungua na mshumaa kwenye ukingo wa petali. Nililiona mara ya kwanza Mbezi mwezi Juni, kwenye send-off. Agosti nikalikuta Ukonga, limesogezwa hadi meza kuu. Lilipotolewa kwenye boksi mbele yetu kama sampuli, nilisimama nusura nilipe mkono. Limehudhuria harusi nyingi kuliko MC yeyote wa jiji hili, na halijawahi kuomba sahani.

Wasomi huliponda kundi hili. Mimi nilikuwa mmoja wao, na napenda kurekebisha msimamo wangu. Kadi huandika saa kumi na mbili jioni. Maharusi huingia ukumbini saa tatu, wakitokea kwenye picha za ufukweni. Katika muda huo ua la plastiki hukaa wima chini ya taa, halitoki jasho, halinung'uniki kuhusu vinywaji. Ni ua pekee lililotengenezwa na mtu anayezijua saa za harusi ya Dar es Salaam. Harufu yake, kwa wanaoweka kumbukumbu, ni ya stoo, vumbi, na marashi ya kunyunyizia gari.

Ngeli ya pili ni YA-BASI. Hapa ndipo yalipo mawaridi halisi. Jina nimelitoa kwenye usafiri wake, ingawa mweka hazina alilielewa vingine alipoona ankara.

Dar es Salaam si mji wa waridi. Waridi linataka mchana wa jua na usiku wa baridi, kwa hiyo mashamba yako juu: pande za Usa River na Tengeru chini ya Mlima Meru, na kwa majirani zetu Wakenya kandokando ya Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi hulichelewesha tumba, na tumba likichelewa hunenepa. Mengi ya mashamba hayo hayakulimwa kwa ajili yetu. Maua hupangwa kwa urefu wa kikonyo, sentimita 40, 50, 60, 70, yakalazwa kwenye ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri, kisha yakapanda ndege kwenda Ulaya, mengine hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Mnada huo huendeshwa kinyume na wa kwetu: saa kubwa ukutani huanza na bei ya juu, bei inashuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye anayechukua. Nilidhani hiyo ni ajabu ya Waholanzi, mpaka mpambaji wetu alipotaja milioni tatu akanyamaza. Nasi tukanyamaza. Akashuka hadi mbili na nusu. Tukatazama dari. Akashuka tena. Kwenye milioni moja na laki nane uvumilivu ukamshinda mpwa wangu, akabonyeza. Mweka hazina hadi leo anasema tulikuwa tunakwenda vizuri.

(Na kwa kuwa maua mengi huelekea Ulaya, anayepanga harusi karibu na tarehe 14 Februari ajue kwamba anashindana na wapenzi wa London na Berlin, na wao wamelipia mapema.)

Nikiwa kwenye habari za safari, kuna ua lililoondoka kwetu likawa mtu mkubwa ugenini. Mwaka 1892 baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huko Tanga, aliokota kimmea cha zambarau katika milima ya Usambara akakipeleka nyumbani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya baroni. Leo kinakaa kwenye vyungu madirishani mwa mabibi wa Ulaya na Marekani. Nilipendekeza kikaoni kwamba tukiweke kwenye meza kama mtoto wa nyumbani. Nikaulizwa kama kinapatikana kwa damu ya mzee.

Turudi kwenye basi. Mawaridi yetu yalitoka Arusha Alhamisi kwenye maboksi, yakakata kilomita zaidi ya 600 ndani ya buti, yakashuka yamechoka kama abiria wengine. Hapo ndipo nilipomwona mpambaji akiwa fundi wa kweli, na ningependa msomaji asimdharau kwa yale niliyoandika juu ya rangi. Alikata kila kikonyo upya kwa mshazari ili kinywe vizuri. Akapukutisha majani ya chini, maana jani likilala ndani ya maji huoza na kuziba njia ya maji. Akabandua petali mbili tatu za nje zilizopondeka. "Ngozi ya safari," alisema. Kisha akayatumbukiza hadi shingoni kwenye ndoo zenye maji, sukari kidogo na tone la Jiki: sukari kwa chakula, Jiki kwa kuua vijidudu. Nilimweleza kwamba hapo amelitumia "ua" kwa maana ya tatu. Akaniambia, "Mzee, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Msiba ulitokea usiku wa Ijumaa, nao unastahili kuandikwa kwa faida ya taaluma. Ukumbi, ambao sitautaja, ulitupa chumba cha kuhifadhia ndoo. Kilikuwa na feni, kilikuwa na giza, kilikuwa safi. Kilikuwa pia na mikungu minne ya ndizi mbivu, maembe na mapapai ya watu wa chakula. Sasa, tunda linapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini. Ndiyo hiyo inayofanya ndizi moja mbivu iziivishe zenzake ndani ya mfuko. Ua nalo likiivuta gesi hiyo hudhani ujana umekwisha. Mawaridi yalijikaza. Kaneshini tulizoziweka pamoja nayo, ambazo ni dhaifu mno mbele ya ethilini, asubuhi zilikuwa zimekunja petali kwa ndani, zimeinama, zote kwa mwelekeo mmoja, kama wajumbe wakati wa kusomewa mihtasari ya kikao kilichopita. "Zimesinzia," mpambaji akasema. "Haziamki hizo." Nafasi zake zilijazwa na ngeli ya YALE-YALE, likiwamo rafiki yangu mwenye alama ya mshumaa. Sikushangaa.

Ngeli ya tatu, HALIPO, ni ya maua yanayoombwa na hayapo. Haihitaji maelezo marefu. Mwanachama wake mkuu ni waridi la buluu, linalodaiwa na kila kamati yenye rangi za bluu bahari na fedha. Waridi halina uwezo wa asili wa kutengeneza rangi ya buluu. Ukiliona mezani, ni jeupe lililonyweshwa wino au kupuliziwa. Mwanachama wa pili ni lile la kwenye simu ya mchumba wa mpwa wangu: pioni, nene, la waridi hafifu, petali kama kabichi ya mbinguni.

"Hili linataka baridi, dada," mpambaji akamweleza.

"Si lipo la Lushoto?"

"Baridi ya barafu. Mmea ulale miezi, ndipo utoe ua."

Binti alilitazama lile ua kwa muda, akazima simu. Sikumwona tena akitoa picha. Hapo, kwa mara ya kwanza, mweka hazina aliacha kuandika.

Lazima pia niguse suala la "shada", ambalo lina utata usiotatuliwa. Neno hilo hilo hutaja kile anachoshika bi harusi na kile kinachowekwa kaburini, na MC yule yule huita familia zote mbili kwa sauti ile ile. Mpambaji hutofautisha kwa kuuliza, "La kushika au la kuweka?" Kwenye daftari lake, shada letu lilikuwa kati ya mawili ya kuweka. Tuliomba ankara iandikwe kwa karatasi tofauti.

Nafika sasa kwenye ngeli ya LI-MOJA, yenye mwanachama mmoja tu, nalo ni ua la koti la bwana harusi. Hapa inabidi nimrudie Linnaeus, kwa sababu uchunguzi wangu umefichua jambo ambalo lingemhuzunisha.

Waridi la porini lina petali tano, na katikati kuna wale waume wengi wa manjano, wakifanya kazi yao. Waridi la harusi, lile nene la kupigia picha, limepata wingi wa petali kwa njia moja kubwa: stameni zake nyingi zimegeuka petali. Wakulima walichagua kizazi baada ya kizazi yale yenye kujaa zaidi, na kila ua lilipozidi kujaa, waume walizidi kupungua. Kwa lugha ya Linnaeus, waume wamegeuzwa mapambo. Malili nayo ni bayana zaidi. Chavua yake ya rangi ya kutu ikigusa shela haitoki kwa maji. Ukisugua ndiyo unaipigilia. Kwa hiyo lili linapofunguka tu, mpambaji hupitisha mkasi ndani na kuvikata vichwa vya stameni zote sita. Nilimhesabia akifanya hivyo kwenye ndoo nzima, akizungumza na simu begani.

Nilimtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa kwenye kiti kilichofungwa mkanda, kimya, akipimiwa tai ili ipatane na keki.

Katika bajeti yenye mistari thelathini na sita, ua lake halikuwamo. Nilipouliza, mpambaji alisema, "Hilo litatoka kwenye mabaki." Kamati ikapita mstari unaofuata. Siku yenyewe, saa saba na nusu mchana, mabaki hayakuwapo: kaneshini zilikuwa zimesinzia, mawaridi yamekwenda kanisani na kwenye boneti ya gari, na matarumbeta yalikuwa yameshaanza kupiga nje. Mpwa wangu alisimama sebuleni ndani ya suti ya kukodi, kifua kitupu.

Aliyeokoa jahazi ni bibi yake bi harusi, mtu wa Tanga, aliyefikia nyumba ya pili kutoka kwetu na aliyekuja kutuona jioni ya jana yake. Huyu hakuwa mjumbe wa kamati yoyote. Alipoyaona mawaridi kwenye ndoo aliinama, akanusa moja, akanusa la pili, akauliza kwa adabu, "Haya yanafunguka lini?" Tukamwambia yamekwisha kufunguka. Akasema, "Aa." Waridi la biashara huchaguliwa liishi siku nyingi ndani ya maji na livumilie safari, na katika uchaguzi huo harufu imeachwa nyuma. Kwao Tanga ua lisilonuka huitwa jani.

Bibi alikuwa na ngeli yake, nayo nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyovuruga jedwali langu: PA-KU-MU. Ni asumini, mrehani na mkadi, vinavyofungwa pamoja kuwa kikuba au kutungwa uzi kuwa koja. Haionekani kwenye picha. Hujulikana kwa mahali tu: nyweleni mwanukia, kifuani panukia, chumbani mwanukia. Na saa zake zimepinda. Ua la mpambaji hufika kilele saa tisa alasiri, mbele ya kamera. Asumini huchumwa ikiwa tumba, hutungwa ikiwa imefumba, na hufunguka usiku, mpiga picha akiwa ameshafunga mabegi. Mwasumini wenyewe ulikuwa wa jirani yetu, umepanda juu ya ua wa makuti na kumwaga matawi upande wetu. Bibi alikuwa akichuma bila kuomba ruhusa, kwa hoja kwamba ua ni wa jirani lakini maua yamekuja yenyewe. Ni mtu wa kwanza kunipa sentensi hiyo bila kucheka.

Aliposikia kilio cha ua la koti, alichomoa matumba saba kwenye kazi yake, akayafunga na kijitawi cha mrehani kwa uzi mweupe, akambandika mpwa wangu kifuani kwa pini ya kanga.

"Mama, halionekani," mpiga picha akalalamika.

"Subiri," bibi akasema.

Mpambaji alipoliona kanisani alinivuta kando. Jeupe na kijani, juu ya koti la damu ya mzee. "Mzee, hilo halipatani," akanong'ona, na kitaalamu alikuwa sahihi kabisa. Lilikuwa kosa la upatanisho hadharani. Ilipofika saa tatu na nusu usiku, maharusi wameketi meza kuu chini ya upinde wa YALE-YALE, mama mkubwa mmoja aligeuka akauliza nani amejipaka nini. Mwingine akauliza hivyo hivyo. MC alisogea kuwakaribisha wageni rasmi, akakaa hapo muda mrefu kuliko ratiba ilivyomruhusu.

Kwenye kikao cha kuvunja kamati mweka hazina alisoma ripoti ya maua mstari kwa mstari, pamoja na fidia ya vyombo vitatu vya kioo vilivyokwenda nyumbani na mashangazi. Ngeli ya PA-KU-MU haikuwa na namba ya risiti, kwa hiyo haikusomwa. Mimi nilikuwa nje ya ukumbi, nikiongea kwa simu na mwenye duka la suti. Nilimwomba radhi kabla hajafungua kinywa, nikijua mpwa wangu alisahau kitu mfukoni mwa koti. Akasema hapana, hapigi kwa ubaya. Kuna mteja wa Jumamosi ijayo amejaribu suti kumi na mbili na kuchukua hiyo hiyo, hataki nyingine, na anauliza ni marashi gani.